Mjomba wa Kupachikwa

"Nimekuja kumwona mama yangu."

Maneno hayo ndiyo yaliyotukata pumzi wiki iliyopita, ndugu msomaji, na mzee aliyesimama mlangoni aliyarudia, safari hii polepole, kama mtu anayehofia kwamba Kiingereza chake hakikusikika.

Raheli, mhudumu wa nyumba hiyo, alimtazama kuanzia viatu hadi utosini. Mzee alikuwa maji ya kunde, nywele za kipilipili zimejaa mvi, koti limepigwa pasi vizuri. Lafudhi yake ilikuwa ya Kijerumani.

"Baba, nadhani umepotea nyumba," Raheli alimwambia kwa upole. "Hapa anaishi Bibi Velta. Ni mzungu."

"Najua ni mzungu," mzee akajibu. "Ndiye aliyenizaa."

Kabla Raheli hajafumba mdomo, mlango ulivutwa kutoka nyuma yake. Craig!

Huyu Craig ni diwani, tajiri, na sasa mgombea ubunge. Ni mtoto pekee wa Bibi Velta, au ndivyo St Marys nzima ya leo, kitongoji hiki cha Sydney, ilivyoamini. Pia ndiye mwenye kampuni ya wahudumu wa wazee iliyomwajiri Raheli, na ndiye anayemdhamini viza. Akisaini, Raheli anapata ukaazi wa kudumu, ile PR. Asiposaini, Raheli anapanda ndege kurudi Tanga.

"Nani wewe?" Craig alifoka.

"Naitwa Anselm. Binti yako aliyeko Melbourne alipima mate ili ajue asili yake. Binti yangu naye alipima, kule Munich. Majibu yakasema ni ndugu wa damu. Binti yako ndiye aliyenipa anwani hii." Mzee alinyoosha mkono. "Mimi ni kaka yako."

Craig aliupokea mkono ule kwa mazoea ya mwanasiasa. Kisha akatazama barabarani kulia, akatazama kushoto, akamvuta mzee ndani kwa koti kama anayeficha mzigo wa magendo.

Alipomwachia, alichomoa vitambaa vya maji kwenye pakiti ya kumfutia Bibi Velta, akaanza kujifuta mkono. Alifuta kiganja. Akafuta katikati ya vidole, kimoja kimoja.

Anselm aliona. Raheli aliona.

"Reichel!" Hivyo ndivyo Craig alivyoliita jina lake tangu siku ya kwanza. "Mpeleke gereji. Upesi! Watu wa televisheni wako njiani."

* * *

Siku hiyo haikuwa siku ya mchezo. Uso wa Bibi Velta ulikuwa umebandikwa kila mahali, kutoka stesheni ya St Marys hadi Blacktown. Si uso wa leo wenye makunyanzi. Ulikuwa uso wa msichana mwenye nywele za dhahabu, ameegemea ukingo wa meli, anacheka. Alipigwa picha hiyo alipofika Sydney baada ya vita kuu ya pili, akitoka kambi za wakimbizi kule Ujerumani. Chini ya picha, Craig alikuwa ameandikisha kwa herufi nene: ALIKUJA KWA NJIA SAFI. AKALIZAA TAIFA.

Kila asubuhi Raheli alipita mbele ya bango lile akielekea kazini kumwogesha mwenye picha.

"Sasa nisikilize," Craig alimwambia wakiwa koridoni, akimsogelea mpaka manukato yake yakamkaba koo. "Yule mzee akionekana, ni mjomba wako."

"Mjomba wangu?"

"Kutoka Afrika. Amekuja kukusalimia."

"Lakini Craig, yule ni Mjerumani."

"Nani atauliza?" Craig alicheka kidogo. "Mnafanana."

Raheli alijikuta amerudi nyuma hatua moja. Hawakufanana hata ukucha.

"Jumatatu natia saini karatasi zako," Craig aliendelea, sauti imekuwa tamu kama asali. "Umengoja sana, unastahili. Lakini ukiniharibia leo, wapo wasichana tele Blacktown wanaoitaka nafasi yako. Na hao hawana maswali."

Alimpigapiga begani, akaenda kurekebisha tai.

* * *

Raheli alijifungia chumba cha kufulia, akampigia simu Jepchumba, Mkenya wanayepokezana naye shifti kwa Bibi Velta.

"Ati nini?" Jepchumba alipiga kelele. "Bibi ana mtoto mweusi? Wacha!"

"Sina muda, shoga. Craig anataka niseme ni mjomba wangu. Nifanyeje?"

"Sasa skiza, dada yangu," Jepchumba alisema, utani umemtoka. "Sema tu ni mjomba. Unapungukiwa na nini? Hiyo PR umeihustle miaka mingapi? Mtoto wako utamleta na nini, na ukweli?"

"Jepchumba, alijifuta mkono baada ya kumgusa."

"Na sisi je? Si huwa wanatufanyia hivyo kila siku na tunanyamaza? Nyamaza leo moja tu. Kesho utawatukana ukiwa na karatasi zako kwa mfuko."

Maneno yale yalimchoma Raheli kwa sababu yalikuwa na akili. Alikuwa na binti, Aneth, aliyemwacha Tanga kwa mama yake akiwa bado ananyonya. Wakati wa usaili, meneja wa kampuni ya Craig alimwambia wazi kwamba wanapendelea wahudumu wanaokuja bila mzigo. Mzigo ulikuwa Aneth. Raheli aliitikia kwa kichwa, na tangu siku hiyo amekuwa akimlea mtoto wake kupitia kioo cha simu.

Alikata simu, akapika chai, akaipeleka gereji.

* * *

Anselm alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, katikati ya mabango yaliyobaki. Msichana yule yule mwenye nywele za dhahabu alimcheka kutoka kila pembe.

"Ndiye huyu?" aliuliza.

"Ndiye."

"Mzuri." Aligusa karatasi kwa ncha ya kidole, akakiondoa haraka. "Masista waliniambia amekufa. Nililelewa nao, kwenye nyumba ya watoto. Tulikuwa wachache wa rangi yangu, watoto wa askari weusi wa Kimarekani. Siku za wageni walitufungia jikoni. Kulikuwa na mpishi aliyenisugua kwa brashi ya sakafu ili aone kama rangi itatoka."

Raheli alimpa kikombe.

"Nimeendesha tramu maisha yangu yote," Anselm akaendelea. "Nina pensheni, nina wajukuu. Sikuja kudai nyumba wala chochote. Nataka anitazame tu. Mara moja. Halafu nirudi kwangu."

"Baba, umesafiri dunia nzima kwa ajili ya kutazamwa?"

"Wewe una mtoto?"

"Ninaye."

"Basi muulize siku moja atasafiri umbali gani."

Raheli aligeuka upesi asionekane macho. Nje, breki za gari zikalia. Watu wa televisheni!

* * *

Sebule ilijaa taa na nyaya. Bibi Velta aliketishwa kwenye kiti kama cha enzi, amevalishwa gauni la kitamaduni la kwao Latvia, shada la maua ya plastiki kichwani. Binti wa vipodozi alimpaka poda nyeupe juu ya uso uliokuwa mweupe tayari.

"Inatosha," Bibi Velta alinguruma. "Mimi si keki."

Wapiga kamera wakacheka. Craig akacheka kuliko wote.

"Akili zake ni kali kama za msichana," aliwaambia. "Mnaona? Hajasahau kitu."

Mtangazaji, mwanamke mchangamfu mwenye suti ya kijani, aliinama mbele ya bibi. "Tuambie, ulipokanyaga Sydney ulijisikiaje?"

"Alijisikia amefika nyumbani," Craig alidakia. "Hakuomba msaada. Alikuja na mikono yake miwili na adabu. Siku hizi wanakuja na nini? Kila mtu anavuta ndugu, anavuta shangazi, anavuta kijiji kizima. Mama alifuata utaratibu."

Bibi Velta alimtazama mwanawe kwa muda, halafu akatazama dirishani. Raheli, aliyekuwa amesimama pembeni na glasi ya maji, alijua mtazamo ule. Ndio huo aliokuwa nao bibi akilazimishwa kula uji uliopoa.

Ghafla mlango wa gereji ukafunguka.

Mpiga kamera mmoja alikuwa ameingia kutafuta umeme, na sasa alitoka akiwa ameongozana na Anselm.

"Kuna mzee humu ndani," alisema kwa mshangao. "Mbona mmemficha?"

Craig alipauka uso. Lakini mwanasiasa ni mwanasiasa! Kufumba na kufumbua, tabasamu lilikuwa limerudi mahali pake.

"Hatujamficha, alikuwa anapumzika," alisema. Akaenda mpaka kwa Anselm, akamkumbatia bega, bega la mtu yule yule ambaye muda mfupi uliopita alijifuta mkono baada ya kumgusa. "Huyu ni mjomba wa Reichel, mhudumu wetu. Katoka Afrika. Mnaona? Wanasema mimi sipendi wageni. Nyumbani kwangu wageni wanakula na kulala."

"Hiyo nzuri sana," mtangazaji alisema. "Tuichukue hiyo." Kamera ikageuka. Taa ikampiga Raheli machoni. "Ni mjomba wako kweli?"

Anselm alimtazama Raheli. Hakumwomba kitu. Alishika tu kofia yake kwa mikono yote miwili.

Raheli aliiona Jumatatu. Aliuona uwanja wa ndege, Aneth anatoka na kibegi chake mgongoni, anamkimbilia.

"Ndiyo," alisema. "Ni mjomba wangu."

Anselm aliinamisha kichwa.

Naam, ndugu msomaji, alisema ndiyo. Kabla hujamlaani, jiulize wewe ungesema nini.

Ila neno lile lilimkaa Raheli mdomoni kama maziwa yaliyochacha. Alitamani kulitema. Alijiona ameshika kile kitambaa cha maji yeye mwenyewe, anafuta, kidole kimoja baada ya kingine.

"Safi kabisa!" Craig alipiga makofi. Sasa alikuwa amenoga. "Hebu tupige picha wote. Mama katikati. Mjomba, simama nyuma, kule gizani kidogo, ndiyo, hapo. Reichel, mwambie mjomba wako atuambie kitu kwa Kiafrika. Au tucheze kidogo, mnajua kucheza nyinyi!"

Akatikisa mabega, akitoa mlio wa ngoma kwa mdomo. Bum-bum-bum.

Mzee wa miaka karibu themanini, aliyevuka bahari kuja kutazamwa na mama yake, alisimama nyuma ya kiti cha mama huyo, naye hajageuziwa hata shingo.

Raheli aliiweka glasi mezani kwa kishindo.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi kucheza?" mtangazaji aliuliza, akitabasamu bado.

"Siwezi huu uchafu." Akaigeukia kamera. "Nimesema uongo. Huyu si mjomba wangu. Hajawahi hata kufika Afrika. Anatoka Ujerumani, anaitwa Anselm, na kama kuna mtu humu ndani ni ndugu yake, basi ni huyu anayewapigia ngoma ya mdomo. Craig, huyu ni kaka yako!"

* * *

Ilikuwa kama mtu amemwaga maji kwenye mafuta yanayochemka.

"Zima kamera!" Craig alipaza sauti. "Zima, nimesema!"

Hakuna aliyezima.

"Huyu mwanamke ni mwendawazimu! Mnaona watu tunaowasaidia? Reichel, kazi huna! Toa kitambulisho! Karatasi zako nachana leo hii, utarudi ulikotoka!"

Alimvua Raheli kitambulisho shingoni kwa nguvu mpaka kamba ikamkwaruza. Raheli hakumzuia. Alihisi maumivu ya mkwaruzo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akainua kidevu.

"Raheli."

Aliyeita alikuwa Bibi Velta. Alilitamka jina vizuri, kama anavyolitamka siku zote.

"Nipo, bibi."

"Mlete mbele. Shingo yangu haigeuki."

Raheli alimshika Anselm mkono, akamzungusha hadi mbele ya kiti. Mzee alipiga magoti, mifupa ikalia. Bibi Velta alinyoosha vidole vyake vilivyopinda, akamgusa paji la uso, akashuka hadi kidevuni, kisha akazamisha vidole katika zile mvi za kipilipili na kuzishika. Alizishika kwa nguvu, kama mtu aliyeona zitakimbia.

"Walinivua viatu," alisema. Haikujulikana anaongea na nani. "Kule kambini. Watu wa Australia walikuja kuchagua. Walitazama meno, wakatazama mikono, wakanigeuza. Walisema nchi yao inataka wasichana, weupe, wenye afya, watakaoolewa na kuzaa. Wakafurahia nywele zangu. Halafu wakamwona huyu nyuma ya sketi yangu. Ofisa akaninyooshea kalamu, akasema wewe ndiyo. Akakunyooshea wewe, akasema hicho hapana."

"Mama, nyamaza!" Craig alimkatiza. Akawageukia wageni. "Amechanganyikiwa. Ni uzee, anatunga mambo."

"Ulisema sasa hivi akili zake ni za msichana," mtangazaji alimkumbusha, kavu.

"Alisema hicho," Bibi Velta akarudia. "Kama kiti. Kama kikapu. Nami nikapanda meli." Alilivuta shada la maua ya plastiki kichwani, akalitupa sakafuni. "Mnaipenda sana ile picha yangu. Mnajua nilikuwa nacheka nini? Mpiga picha alisema anayecheka anapata chungwa. Nilikuwa na njaa. Nilicheka kwa ajili ya chungwa. Usiku nilikula na ganda lake, kisha nikatapika, na baada ya hapo nikaoshwa, nikavishwa aproni, nikapelekwa hospitali kumwaga vyoo vya wagonjwa. Miaka miwili. Hiyo ndiyo njia safi."

Binti wa vipodozi alikuwa analia waziwazi. Bibi Velta hakulia. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa kinyaa, na ilikuwa vigumu kujua anamchukia nani zaidi, wale wenye kalamu au msichana aliyepanda meli.

"Sikuandika," alimwambia Anselm. "Hata mara moja. Nilikuwa mke wa mtu, nilikuwa mzungu mzuri wa kwenye picha. Nilijua nikiandika watajua. Usinisamehe leo. Nitazame kwanza."

"Nakutazama, Mama," Anselm alisema.

Walitazamana. Raheli, asiye na kazi wala kitambulisho, alipiga magoti pembeni na kumshika bibi kiwiko kisilegee, maana hakuna mwingine sebuleni aliyefikiria kufanya hivyo.

"Ulikuwa na baridi kule?" bibi aliuliza baadaye. "Kwa masista?"

"Nilizoea. Shida ilikuwa upweke. Nilikuwa peke yangu."

Mkono wa Bibi Velta ukasimama juu ya nywele zake.

"Peke yako?"

"Ndiyo, Mama. Sikuwa na mtu."

"Hukuwa peke yako," bibi alisema. "Mlizaliwa wawili. Siku moja, saa moja. Wewe na dada yako."

Anselm aliguna kama aliyepigwa ngumi. "Dada gani?"

"Wewe ulitoka kwa baba yako. Yeye alitoka kwangu, mweupe, nywele kama zangu. Ofisa hakumwita hicho. Alimpakata. Nilipanda naye meli, nikafika naye Sydney, nikamlea katika nyumba hii."

"Yuko wapi?" Raheli alijikuta amepaza sauti.

Bibi Velta aliinua uso polepole, akatazama ng'ambo ya taa na kamera.

Craig, aliyekuwa akibweka muda wote ule, alikuwa amefika mlangoni, funguo za gari mkononi, na jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye kola.

Bibi akamnyooshea kidole kilichopinda.

"Muulizeni huyo."